Mfanyakazi Si Karatasi: Mafundisho Jamii ya Kanisa na Kibarua wa Mombasa

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa Buxton, Mombasa, mbele ya wanaharakati wa mageuzi, wanakamati wa haki na amani, na waumini wa makanisa mbalimbali.

Tumeombwa tueleze yale ambayo Kanisa Katoliki limefundisha juu ya matatizo yaliyoletwa na viwanda, reli, bandari na mitambo, na tuonyeshe faida ya mafundisho hayo kwa mtu anayepigania utawala wa haki. Sisi tumesomea sheria, hatukusomea theolojia. Kwa hiyo tutayasoma mafundisho haya kama wakili asomavyo hati ya madai: ni nani anayedai, anamdai nani, anadai nini, na ana ushahidi gani.

Ushahidi hatuendi kuutafuta mbali. Kutoka hapa Buxton ni mwendo mfupi kufika Mji wa Kale, na ng'ambo ya pili ya kisiwa iko bandari ya Kilindini. Katika eneo hili dogo yamepita mambo yote ambayo mapapa wameyaandikia nyaraka: mtumwa, mtu wa mkataba, kibarua wa siku, mgomaji, mpangaji, na mtu asiye na kazi kabisa.

Neno lenye historia ndani yake

Tuanze na neno moja ambalo kila mmoja wetu analitumia bila kulitafakari, neno kibarua. Ni barua ndogo. Katika karne ya 19, hapa pwani na kule Unguja, bwana mwenye watumwa mjini aliweza kumkodisha mtumwa wake kwa mtu mwingine, akabebe mizigo au ajenge nyumba kwa ujira wa siku. Mtumwa alipewa kikaratasi cha kushuhudia siku aliyofanya kazi, na sehemu ya ujira ule ilirudi kwa bwana wake. Kikaratasi kikaitwa kibarua. Baadaye mtu aliyekishika naye akaitwa kibarua. Jina la karatasi likammeza mtu.

Mwaka 1888 Papa Leo wa 13 aliwaandikia maaskofu wa Brazil akilaani utumwa. Mwaka 1890 aliandika tena, safari hii juu ya utumwa wa Afrika, akaagiza mchango utolewe kila mwaka makanisani kwa ajili ya kuukomesha. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Mei 1891, Papa huyo huyo alitoa waraka uitwao Rerum Novarum juu ya hali ya wafanyakazi wa viwandani. Watu wengi huusoma waraka wa 1891 peke yake, kana kwamba ulihusu Ulaya tu. Sisi watu wa pwani hatuwezi kuusoma hivyo, maana hapa kwetu utumwa na ujira havikuwa sura mbili za vitabu viwili. Mtu mmoja aliweza kuzaliwa mtumwa na kufa kibarua.

Tazameni jinsi mlango huo ulivyofunguliwa. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliwapa hati za uhuru watumwa zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia kwenye misheni. Fidia ililipwa, lakini ililipwa kwa mabwana. Mwaka 1907 hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya, na hapo pia aliyekuwa na haki ya kudai fidia ni bwana. Aliyefanya kazi miaka yote bila malipo alitoka na uhuru wake na mikono mitupu. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: aliyeweza kuleta madai na ushahidi alipewa hati, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. Mtumwa wa jana angeleta ushahidi gani? Ndiyo maana hadi leo Mombasa ina jambo ambalo mgeni huona vigumu kulielewa, yaani nyumba ni ya huyu na ardhi chini yake ni ya yule.

Wapakuzi wa London na mzee wa miaka 81

Mwaka huo huo wa 1889, mwezi Agosti, wapakuzi wa meli katika bandari ya London waligoma. Nao walikuwa vibarua. Kila asubuhi walisongamana kwenye malango ya bandari. Msimamizi akachagua wachache kwa saa kadhaa, na waliobaki wakarudi makwao na njaa yao. Walidai peni 6 kwa saa. Wengi wao walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Kadinali Henry Edward Manning, Askofu Mkuu wa Westminster, mzee wa miaka 81, aliingia kati ya wenye bandari na wagomaji, akaenda na kurudi hadi suluhu ikapatikana katikati ya Septemba. Zile peni 6 zilipatikana.

Tunalitaja tukio hili kwa sababu Rerum Novarum haukushuka kutoka mawinguni. Kabla yake walikuwapo viongozi wa Kanisa waliokwisha kusimama na wafanyakazi: Manning huko London, na kabla yake Askofu Ketteler wa Mainz huko Ujerumani. Matendo yalitangulia, waraka ukafuata. Anayetwambia leo kwamba padri asiguse mambo ya mishahara hadi apate idhini kutoka juu, hajui mafundisho haya yalivyozaliwa.

Basi waraka ule unadai nini? Tumechagua mambo manne.

La kwanza ni juu ya mkataba. Sisi wanasheria hufundishwa kwamba watu wawili wenye akili timamu wakikubaliana, makubaliano yao ni sheria baina yao. Leo wa 13 alisema hapana, si daima. Mtu akikubali ujira wa chini kwa sababu ya njaa, au kwa kuogopa jambo baya zaidi, huyo ametendewa nguvu, hata kama ametia sahihi yake. Ujira unapaswa kumtosha mfanyakazi mwenye kiasi apate kuishi. Haki hiyo imetangulia mkataba wowote.

La pili ni haki ya kuungana. Papa alifundisha kwamba wafanyakazi wana haki ya kuunda vyama vyao kwa kuwa ni wanadamu. Serikali inaikuta haki hiyo, haiiumbi. Kwa hiyo haina mamlaka ya kuifuta kwa kalamu.

La tatu ni wajibu wa dola. Tajiri ana njia nyingi za kujilinda; maskini hana ngome ila sheria. Kwa hiyo serikali yenye haki humwangalia mnyonge kwanza. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Walikuwa wakieleza walichokiona. Hawakuwa wakitunga sheria.

La nne ni mali. Leo wa 13 alipinga usoshalisti wa wakati wake, akatetea haki ya mtu kumiliki mali. Lakini wenye mali wanaolitumia fungu hili kama ngao huliacha nusu. Alitaka watu wengi iwezekanavyo, hasa wafanyakazi, wawe wamiliki nao, na alisema wazi kuwa matajiri wachache wamewatwika umati wa maskini nira isiyopishana sana na utumwa. Kwa sikio la Mombasa maneno hayo yana uzito wake.

Mapapa waliofuata waliendelea kujenga juu ya msingi huo. Pius wa 11, mwaka 1931, alieleza kanuni ya auni: jambo ambalo familia, kijiji au chama kinaweza kulitenda, mamlaka ya juu yasilinyakue, kazi yake ni kusaidia. Paulo wa 6, Machi 1967, aliandika juu ya maendeleo ya mataifa, wiki chache baada ya Mwalimu Nyerere, Mkatoliki mwenzetu, kutangaza Azimio la Arusha. Yohane Paulo wa 2, mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ina daraja juu ya mtaji, kwa kuwa mtaji ni kitu na anayefanya kazi ni mtu.

Kilindini na Kiwanja cha Maskini

Sasa tuyalete madai hayo nyumbani. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896. Wahindi takriban 32,000 waliletwa kwa mikataba, na karibu 2,500 walikufa katika kazi hiyo. Gati za kina kirefu za Kilindini zilifunguliwa mwaka 1926. Meli ilipokuwapo, watu walihitajika kwa mamia, ilipoondoka, walisahauliwa. Mwenye bandari alipenda mpango huo, kwani hasara ya siku isiyo na meli ilibebwa na kibarua na watoto wake. Kuna methali isemayo mchumia juani hulia kivulini. Pale Kilindini mmoja alichumia juani, akala mwingine kivulini.

Wapakuzi waligoma mwaka 1934. Mwaka 1939 mgomo ulienea, tume ikaundwa, nayo ikaona jinsi tatizo la makazi lilivyokuwa kubwa. Mwaka 1945 ikaundwa kamati nyingine. Kisha, tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi kwa pamoja: watu wa bandari, watu wa reli, wahudumu wa hoteli, wapishi na watumishi wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Walikuwamo Waislamu na Wakristo, wenyeji wa pwani na wa bara. Mgomo ulidumu siku 12. Walirudi kazini baada ya Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, kuingia kati, na baraza la usuluhishi likaamua nyongeza. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo, akawekwa kizuizini Baringo kwa takriban miaka 10.

Mwaka 1955 wapakuzi waligoma tena. Safari hii alikuja Tom Mboya, kijana wa miaka 24, Mkatoliki aliyesomea Mang'u, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kenya. Aliongoza majadiliano na wakapata nyongeza nzuri. Leo Mombasa ina mtaa wenye jina lake. Ingekuwa vyema kila mtoto wa mtaa huo ajue kwamba jina lile halikuandikwa kwa sababu ya uwaziri wake pekee.

Chama kimoja cha kazi, chama kimoja cha siasa

Wengine watauliza: haya yanahusu nini harakati za vyama vingi? Yanahusu sana. Mwaka 1965 Serikali ya Kenya huru ilivunja mashirikisho mawili ya wafanyakazi yaliyokuwa yakishindana, ikaunda moja, COTU, na Rais akapewa sauti katika uteuzi wa viongozi wake. Mwaka 1980 chama cha watumishi wa serikali kilifutwa. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kiliingizwa katika Katiba na nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Fuateni mpangilio wa miaka hiyo. Haki ya kuungana ilianza kubanwa kazini kabla ya kubanwa katika siasa. Aliyezoea kuona shirikisho moja la wafanyakazi hakushangaa sana kuona chama kimoja cha siasa.

Sisi tulikuwa watoto wa shule kifungu hicho kilipofutwa Desemba 1991. Tarehe 1 Mei mwaka ule ule, Yohane Paulo wa 2 alikuwa ametoa waraka wa kuadhimisha miaka 100 ya Rerum Novarum. Aliandika baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka. Alisifu demokrasia, lakini alionya kuwa soko huria peke yake haliwezi kuleta haki, kwani yako mahitaji ya binadamu ambayo hayana bei. Baadhi yetu tulisikia nusu ya kwanza ya ujumbe huo tu. Tukapata vyama vingi vya siasa, ilhali mtu wa siku pale Kilindini akabaki mtu wa siku. Kura ikawa huru, tumbo halikuwa huru. Na mtu asiye na uhakika wa chakula cha kesho huinunuza kura yake kwa bei ya unga. Huo ndio udhaifu ambao ukombozi wa pili haukuumaliza.

Angalieni pia kanuni ya auni ilivyovunjwa mbele ya macho yetu. Reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017. Baadaye likatoka agizo kwamba makontena yasafirishwe kwa reli hiyo hadi bara, na kazi za kuondoa mizigo bandarini zikahama nayo. Madereva, makuli, mafundi, mama wanaopika kando ya barabara na wenye maghala wakapoteza riziki. Mwaka 2019 wakazi waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Septemba 2022 Serikali mpya ilitangaza kuzirudisha kazi hizo Mombasa. Hatutaki kuzungumza habari za uzuri au ubaya wa reli. Tunauliza jambo moja: ni wapi ambapo watu wa Mombasa walikaa mezani kabla ya uamuzi ule? Maendeleo yanayomfikia mwananchi kama amri hayatofautiani na mvua ya mawe. Humpiga kabla hajajua imetoka wapi.

Sheria tuliyo nayo

Tungekuwa wadanganyifu tukisema hakuna kilichopatikana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 na Katiba ya 2010 zina mambo ambayo wagomaji wa 1947 wangeyafurahia. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira yanayofaa, chama, na mgomo. Kifungu cha 43 kinataja makazi yanayofaa. Ukivisoma karibu na waraka wa 1891, utaona undugu wao.

Hebu tuzungumze habari za kibarua mwenyewe. Sheria inasema kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Lakini kifungu cha 37 kinaongeza kwamba akifanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha chini ya miezi 3, basi huyo si kibarua tena. Sheria inamhesabu kama mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki ya notisi na mapumziko. Wako waajiri wanaojua hili vizuri. Humsimamisha mtu siku chache kabla ya mwezi kutimia, kisha wakamwita tena. Mtu anafanya kazi miaka 7 katika ghala moja, na kwenye daftari la mwajiri kila mwezi ni mgeni.

Tunawaomba mjifunze jambo hili kwa vitendo. Mfanyakazi aandike tarehe za kazi katika daftari lake. Atunze ujumbe wa simu wa malipo, beji ya getini, majina ya wenzake. Mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia yeye. Na dai la kazi lisikawie, kwa maana baada ya miaka 3 mlango wa mahakama hufungwa. Zamani karatasi ilikuwa shahidi wa bwana dhidi ya mtumwa. Sasa yaweza kuwa shahidi wa mfanyakazi, maadamu ameitunza.

Risasi ya Owino Uhuru

Tatizo la viwanda haliishii getini. Mnajua habari za kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani. Kuanzia mwaka 2007 palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu takriban 3,000. Sumu iliingia katika hewa, maji na damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua mwanawe ameathirika, akaanza kupiga mbiu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliiondoa amri hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Owino Uhuru ni ushahidi wake. Linganisheni pia hukumu hii na fidia ya mwaka 1907. Wakati ule aliyefidiwa ni aliyetenda. Sasa mahakama imeamuru afidiwe aliyetendwa. Bila shaka hukumu na malipo ni vitu viwili, na kati yake kuna safari inayohitaji macho yetu. Lakini dira imegeuka, na iligeuzwa na mama mmoja na jirani zake waliokataa kunyamaza.

Nyumba ya Buxton

Tukija hapa tulipo, mwaka 2021 wapangaji wa nyumba za zamani za Buxton walitakiwa kuhama ili magorofa mapya yajengwe kwa ubia wa serikali ya kaunti na mwekezaji binafsi. Baadhi walikwenda mahakamani. Magorofa yamesimama, kila mtu anayaona. Sisi hatusemi nyumba mpya ni dhambi; nyumba za zamani zilikuwa zimechakaa. Mafundisho ya Kanisa yanatupa swali la kuuliza mbele ya kila jengo la namna hii: je, mtu aliyekuwa akiishi hapa, kuli, mwalimu, mjane, anaweza kurudi na kulipa? Kama hawezi, mji umepata nyumba na kupoteza watu wake. Tena, tangu Machi 2024 sheria ya nyumba za bei nafuu humkata kila mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Anayekatwa ana haki ya kuuliza ni nani atapewa ufunguo. Huko si kuleta fujo, ni kudai hesabu ya fedha zako mwenyewe.

Majibu kwa wenye shaka

Wako wanaosema Kanisa lisiingie siasa. Tunajibu kwamba Mtume Yakobo aliwaambia matajiri kuwa ujira walioudhulumu unapiga kelele na Mungu anasikia. Kama hiyo ni siasa, imo ndani ya Biblia. Wako wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Tunajibu kwamba kibarua wa London na kibarua wa Kilindini walisimama kwenye lango la namna moja. Wako wanaouliza Mwislamu ana sehemu gani hapa. Yeye ndiye atakayetukumbusha fundisho la Mtume wake kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Pale Kiwanja cha Maskini hakuna aliyeulizwa dini yake kabla ya kukaa chini.

Tena jambo hili halijazeeka. Papa Leo wa 14, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, aliwaeleza makadinali siku mbili baadaye kwamba amelichagua jina hilo hasa kwa ajili ya Leo wa 13, kwa kuwa dunia imeingia katika mapinduzi mengine ya viwanda, yale ya akili unde. Kenya inayajua tayari. Vijana wa Nairobi walioajiriwa kuchuja picha na maneno ya kutisha kwa ajili ya mitandao mikubwa ya nje walikwenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kampuni ya nje yaweza kushtakiwa hapa. Mtambo ni mpya. Swali ni lile la 1889.

Tufanye nini

Tunapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji mfadhili.

Kwanza, kila parokia na kila kanisa lijihesabu lenyewe kama mwajiri. Mlinzi, mpishi, mfagiaji, katekista na mwalimu wa chekechea wana mikataba? Wanalipwa kima cha chini cha sheria? Makato yao ya uzeeni yanafika? Askofu hawezi kuisuta Serikali kwa kinywa kimoja na mlinzi wake akawa kibarua wa miaka 10.

Pili, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zitenge siku moja kila mwezi kusoma kifungu cha 41, kifungu cha 43 na Sheria ya Ajira, kwa Kiswahili, na kualika majirani wote bila kujali dini.

Tatu, tuandike. Kila mtaa uwe na daftari la wafanyakazi waliofukuzwa, wapangaji waliohamishwa, watoto walioathirika na moshi. Kesi ya Owino Uhuru haikushinda kwa maandamano tu. Ilishinda kwa vipimo, tarehe na majina.

Nne, uchaguzi ukija, mgombea wa chama chochote asipite mtaani bila kuulizwa maswali haya mbele ya watu: vibarua wa bandari utawafanyia nini, mwenye nyumba asiye na ardhi utamfanyia nini, na ni nani atakayekaa mezani kabla hujaamua? Asiyekuwa na jibu asipewe muda wetu, hata akija na magunia ya unga.

Vyama vingi tulivipata kwa machozi na damu ya watu. Vitakuwa na maana siku ile mtu atakapotoka bandarini jioni akiwa na ujira unaomtosha, afike katika nyumba ambayo hakuna wa kumtoa kwa amri ya usiku, na aitwe kwa jina lake. Kazi hiyo haimngojei Papa, Rais wala Gavana. Inaanza Jumatatu, katika ghala, katika kiwanda, na katika ofisi ya parokia.